Virat Kohli na miaka yake ya mwisho ya Testi: ukame, umri, au mazoea?

Swali la msomaji: Mwalimu, mimi na rafiki yangu tunabishana tangu Virat Kohli, mpigaji wa India, aage kriketi ya Testi (zile mechi za siku tano). Yeye anasema mtu aliyemaliza na wastani wa 46.85 (mikimbio kwa kila mara aliyotolewa) hawezi kutajwa pamoja na Sachin Tendulkar, gwiji wa India aliyemtangulia, na kwamba alipaswa kuondoka mapema. Mimi nasema ulikuwa ukame tu, kwa sababu mechi za siku moja bado anapiga vilevile. Nani yuko sahihi? Na mtu atajuaje kama mchezaji mkongwe amekwisha au anapita kwenye kipindi kibaya?

Jibu: Ndugu yangu, rafiki yako ameona kushuka kulikokuwapo kweli, ila analipa jambo hilo uzito kupita kiasi. Wewe umekosea kusema ulikuwa ukame tu, lakini hoja yako ya mechi za siku moja ndiyo yenye jibu lenyewe. Tuipitie hesabu kwanza, kisha tuje kwenye gongo na miguu, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Kohli alicheza mechi 123 za Testi, akapiga mikimbio 9,230 na senchuri 30 (zamu za mikimbio 100 au zaidi). Ukikata kazi yake mwishoni mwa 2019 unapata watu wawili tofauti. Wa kwanza ana mechi 84, mikimbio 7,202, wastani wa 54.97 na senchuri 27. Wa pili, kuanzia 2020 hadi mechi yake ya mwisho pale Sydney Januari 2025, ana mechi 39, mikimbio 2,028, wastani wa 30.72 na senchuri 3. Ule wastani wa 46.85 hauwaelezi vizuri wote wawili. Ni mchanganyiko wao.

Sasa, je, inawezekana huyo wa pili alikuwa na bahati mbaya tu? Hili linaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi. Alama za mpigaji hazijikusanyi karibu na wastani wake: zamu nyingi huishia chini, chache hupaa sana. Matokeo yake ni kwamba mtawanyiko wa alama zake unakaribia kulingana na wastani wenyewe. Kwa hiyo kanuni ni hii: chukua wastani unaoamini ndio kiwango chake cha kweli, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mara alizotolewa. Jibu ni kiasi ambacho bahati peke yake huweza kumpandisha au kumshusha. Akipotoka kiasi hicho mara moja, usishangae. Akipotoka zaidi ya mara mbili, kuna kitu.

Jaribu kwenye mfululizo wa Australia wa 2024/25. Kohli alipiga 5, 100 bila kutolewa, 7, 11, 3, 36, 5, 17 na 6. Jumla 190, katolewa mara 8, wastani 23.75. Tuseme kiwango chake cha kweli kilikuwa 45. Gawanya 45 kwa kipeuo cha pili cha 8, unapata karibu 16. Pengo ni 21. Yaani kwa hesabu tupu, mfululizo ule haukuthibitisha chochote! Wale waliomzika kwa sababu ya wastani wa mfululizo mmoja walikuwa wanasoma upepo. (Zipange alama hizo tisa kutoka ndogo hadi kubwa, ya katikati ni 7. Kwa mpigaji, alama ya katikati mara nyingi husema ukweli ambao wastani unauficha, kwa kuwa senchuri moja huweza kuufunika mfululizo mzima.)

Lakini jaribu kwenye miaka yote tangu 2020. Alitolewa mara 66, na kipeuo cha pili cha 66 ni karibu 8.1. Hata ukisema kiwango chake kilikuwa kimeshuka kutoka 55 hadi 45, posho ya bahati ni mikimbio 5.5, na pengo ni zaidi ya 14. Hilo haliwezi kuitwa ukame. Kwa hesabu hii, kiwango chake cha Testi katika miaka hiyo hakikuzidi 41, na hapo ndipo hoja yako inapokwama.

Hata hivyo usiichukue miaka hiyo kama mteremko mmoja ulionyooka. Mwaka kwa mwaka ilikuwa hivi: 2020 wastani wa 19.33, 2021 wa 28.21, 2022 wa 26.50, kisha 2023 wa 55.91, halafu 2024 wa 24.52. Huo mwaka wa 2023 una senchuri 2 kati ya zile 3: 186 Ahmedabad dhidi ya Australia na 121 Port of Spain dhidi ya West Indies. Mtu anaweza kusema pichi (ule ukanda mpira unapodundia) ya Ahmedabad ilikuwa tambarare, rahisi kupigia, na atakuwa sahihi. Lakini Desemba ya mwaka huohuo, Centurion nchini Afrika Kusini, India ilipotolewa yote kwa 131, Kohli alipiga 76 kati ya hizo. Mtu aliyekwisha hapigi 76 kwenye pichi ile.

Mazingira nayo yana sehemu yake. Miaka hiyo pichi za India ziliuzungusha mpira mno, na warushaji wa kasi duniani kote walijifunza kurusha mpira ambao mshono wake unayumba, hata wao wenyewe wasijue mpira utaelekea wapi. Cheteshwar Pujara na Ajinkya Rahane, wenzake wa India waliopiga kabla na baada yake, walishuka pamoja naye. Lakini katika kipindi hichohicho Joe Root wa Uingereza alipiga mikimbio 1,708 ndani ya 2021 peke yake. Mazingira yanaeleza sehemu ya pengo, hayalielezi lote.

Tuje kwenye namna alivyokuwa akitolewa. Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako, kuliko kwenye wastani.

Katika mfululizo ule wa Australia alitolewa mara 8, na zote 8 alidakwa nyuma ya wiketi au kwenye slipu (wadakaji wanaosimama pembeni ya mlinda wiketi). Scott Boland alimtoa mara 4, Josh Hazlewood 2, Mitchell Starc 2. Hakuna hata mara moja vigingi viligongwa, wala mguu kuzuia mpira uliokuwa unaelekea kwenye vigingi. Huo ni mlango mmoja uliobaki wazi, na warushaji wote watatu waliujua.

Ili uelewe kwa nini ulibaki wazi, fikiria muda. Kutoka vigingi hadi vigingi ni mita 20.12. Mrushaji huachia mpira karibu na mstari wake, mpigaji naye hukutana nao mbele ya mstari wake, ulio mita 1.22 kutoka kwenye vigingi. Mpira husafiri mita 17 au 18. Kwa kilomita 140 kwa saa, safari nzima ni takriban nusu sekunde. Mpira wa urefu mzuri hudunda mita 6 hadi 8 kutoka kwenye vigingi vya mpigaji, na kutoka pale hadi kwenye gongo ni kama sekunde 0.15. Binadamu huhitaji takriban sekunde 0.2 kuitikia anachokiona. Kwa hiyo hakuna mpigaji, awe na miaka 22 au 36, anayeweza kubadilisha pigo baada ya mshono kugusa pichi na mpira kukengeuka. Uamuzi wa kucheza au kuacha umeshafanyika, kutokana na mkono wa mrushaji na sehemu ya kwanza ya safari.

Ndiyo maana ule usemi kwamba "macho yamechoka" haunitoshi. Mpira unaokengeuka baada ya kudunda humshinda kila mtu. Tofauti ni kwamba mpigaji aliye sawa anauacha mpira huo upite, au anaucheza karibu na mwili hivi kwamba ukikengeuka unalikosa gongo lake. Anayekosea anaufuata kwa mikono.

Kohli aliufuata. Na mazoea hayo yana historia, tena historia ya mafanikio. Mwaka 2014 nchini Uingereza alipiga mikimbio 134 tu kwa zamu 10, wastani 13.40, huku mrushaji wa kasi wa huko, James Anderson, akimtoa mara 4. Nyonga yake ilifunguka mapema mno, gongo likawa linauvuka mpira unaopinda kwenda nje. Aliporudi 2018 alikuwa amepanua msimamo wa miguu na kusogea nje ya mstari ili aukute mpira kabla haujamaliza kupinda, na mipira ya nje aliiacha kwa subira ya ajabu. Alipata mikimbio 593 kwa mechi 5, na Anderson hakumtoa hata mara moja.

Tiba hiyo ilikuwa sahihi kwa ugonjwa ule. Mpira wa Dukes wa Uingereza hupinda sana hewani, na kusogea mbele kunaupunguzia nafasi ya kupinda. Ukisogea nusu mita, umeondoa karibu sehemu moja ya kumi ya umbali uliobaki baada ya kudunda, na upotokaji nao unapungua kwa kiasi hicho. Pia ni vigumu zaidi kwa mwamuzi kukutoa kwa kuzuia vigingi kwa mguu ukiwa mbali hivyo. Lakini Australia wanatumia Kookaburra, ambao haupindi sana baada ya ova (mafungu ya mipira sita) za mwanzo, na pichi zao hudundisha juu. Huko adui ni mshono na mdundo. Ukienda mbele kila mara, unaukuta mpira ukiwa bado unapanda, ukigusa ukingo wa gongo unaruka moja kwa moja hadi slipu, na umejinyima muda wa kuurudishia mguu wa nyuma. Boland si mtu wa kasi ya kutisha. Anachofanya ni kutua palepale, urefu uleule, kwenye kigingi cha ofu (kile kilicho mbali na miguu ya mpigaji) na nje yake kidogo, ova baada ya ova. Ni mrushaji mbaya kabisa kukutana naye ukiwa na mguu wa mbele ulioanza safari kabla ya mpira.

Umri unaingia hapo, kwa mlango wa pembeni. Mpigaji anapovuka 33 au 34, mwitikio wake haudorori sana. Kinachopungua zaidi ni nguvu ya mlipuko kwenye miguu, ule uwezo wa kusubiri hadi dakika ya mwisho kisha kusogea haraka. Mwili unajua hauwezi tena kusubiri, basi unaanza mapema. Mguu wa mbele unajipanda kabla urefu wa mpira haujasomwa, uzito unahamia kule, na mpira ukiwa wa nje kidogo mikono peke yake ndiyo inayoweza kuufikia. Kinachoonekana kwenye televisheni ni draivu mbovu, lile pigo la kuusukuma mpira mbele. Chanzo chake ni hatua iliyopigwa mapema.

Je, kulikuwa na dawa? Ilikuwapo, na waliowahi kuitumia wanajulikana. Tendulkar alifika Sydney Januari 2004 akiwa na mikimbio 82 katika mechi 3 za kwanza za mfululizo, baadhi ya mara akitolewa kwa kuifuata mipira ya nje. Akaamua kuiweka kando draivu ya kava, ile inayoelekea upande wa ofu. Alibaki uwanjani kwa mipira 436, akamaliza na 241 bila kutolewa, akila zaidi upande wa legi, yaani upande wa miguu. Younis Khan wa Pakistan alikuwa na miaka 38 mwaka 2016 nchini Uingereza, akirukaruka kwenye mstari hadi watu wakamcheka. Mohammad Azharuddin, nahodha wa zamani wa India, akampigia simu, akamshauri atulie ndani ya mstari. Mechi iliyofuata, The Oval, alipiga 218. Miezi michache baadaye alipiga 175 bila kutolewa Sydney.

Kohli alijaribu kitu cha namna hiyo kwenye uwanja uleule wa Sydney. Zamu ya kwanza ya mechi yake ya mwisho alikaa mipira 69 kwa mikimbio 17, kisha Boland akampata kwenye slipu vilevile. Kwa hiyo asiyeelewa aseme alikosa nidhamu, mimi sisemi hivyo. Alikosa njia mbadala ya kupata mikimbio. Tendulkar alipofunga duka la ofu alikuwa na duka la legi, na warushaji wa 2004 walimpelekea mipira huko. Wale wa 2025 hawakumpa Kohli kitu kwenye pedi. Kurudi nyuma ya mstari na kucheza kwa mguu wa nyuma kungemtaka ajenge upya mwendo wake wote, na hilo hufanyika kwenye nyavu za mazoezi kwa miezi, si katikati ya mfululizo.

Hadi hapo bado ningesema ni mazoea yanayorekebishika. Kilichonibadilisha mawazo ni mfululizo uliotangulia, dhidi ya New Zealand, nyumbani India, Oktoba na Novemba 2024. India ilipoteza zote 3. Kohli alipiga 0, 70, 1, 17, 4 na 1: mikimbio 93, wastani 15.50. Pune, Mitchell Santner alimtupia mpira wa mzunguko ambao haukudunda kabisa, zawadi ya wazi, naye akaukosa akijaribu kuupiga kwa kukata upande, ukagonga vigingi. Zamu ya pili Santner huyohuyo akamnasa mguuni. Mipira ya polepole haimnyimi mtu muda. Inapima miguu na usomaji wa urefu. Mpigaji mkubwa anapoacha kufika kwenye mpira wa mzunguko nyumbani kwake, kisha muda mfupi baadaye anadakwa nyuma ya wiketi au slipu kila anapotolewa ugenini, milango imekuwa miwili.

Hii ndiyo kanuni ambayo ningekupa kama ungetaka moja tu ya kubeba. Chukua mara 15 hadi 20 za mwisho alizotolewa mchezaji, uziandike kwa namna na si kwa alama. Akiwa anadakwa nyuma ya wiketi kwa mrushaji wa aina moja, huo ni uamuzi na mazoea, na hata mtu wa 38 hurekebisha. Akiwa vigingi vyake vinagongwa, au anazuia kwa mguu mipira iliyonyooka, gongo linachelewa kushuka, na hapo umri umeingia. Akiwa anatolewa kwa njia mbili au tatu zisizohusiana, na warushaji wa aina tofauti, hesabu imekaribia mwisho. Tendulkar mwaka 2012 alikuwa na miaka 39 pale New Zealand ilipogonga vigingi vyake katika zamu zote 3 alizopiga dhidi yao. Hakupata senchuri nyingine ya Testi. Ya mwisho ilibaki ile ya 146 ya Cape Town, Januari 2011.

Onyo moja: usitumie zamu moja. Januari 2025 Kohli alirudi kuichezea Delhi kwenye Ranji, kombe la majimbo la India, akatolewa na 6, kigingi kikang'oka na kupaa. Picha ilizunguka dunia nzima. Kitakwimu haina thamani yoyote.

Onyo lingine: kilele cha mwisho kinaweza kuja karibu sana na mwisho. Ricky Ponting wa Australia alipiga 134 Sydney na 221 Adelaide Januari 2012 akiwa na miaka 37. Kabla mwaka huo haujaisha alipata mikimbio 32 kwa zamu 5 dhidi ya Afrika Kusini, akastaafu. Tendulkar naye alisemwa amekwisha wakati kiwiko na bega vilipomsumbua, 2004 hadi 2006, kisha 2010 akapiga mikimbio 1,562 ya Testi kwa wastani wa 78.10. Warushaji wana saa yao nyingine kabisa: Anderson alifikisha wiketi 704 (yaani wapigaji aliowatoa) na kuondoka akikaribia miaka 42, na Aasif Karim wa Kenya, aliyekuwa ameshastaafu akaitwa tena akiwa na miaka 39, aliwatuliza Australia pale Durban kwenye Kombe la Dunia la 2003 kwa wiketi 3 na mikimbio 7 tu katika ova 8.2.

Sasa hoja yako ya mechi za siku moja. Ni kweli tupu. Kombe la Dunia la 2023 alipiga mikimbio 765 kwa wastani wa 95.62, na senchuri yake ya 50, iliyompita Tendulkar, ilikuja nusu fainali kwenye uwanja wa Wankhede. Februari 2025, wiki chache baada ya Sydney, alipiga senchuri bila kutolewa dhidi ya Pakistan kule Dubai kwenye Kombe la Mabingwa. Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 37, alipiga 135 Ranchi dhidi ya Afrika Kusini. Inawezekanaje mtu yuleyule, macho yaleyale?

Inawezekana kwa sababu pigo lilelile lina bei tofauti. Mpira mweupe hupinda kwa ova chache tu. Slipu huwa mmoja au wawili mwanzoni, kisha hakuna. Kanuni za kupanga wachezaji zinamlazimisha nahodha kuacha mapengo. Ile hatua ya mbele ya mapema na ule mkono unaoufuata mpira nje ya kigingi cha ofu, ambao kwenye Testi ni wiketi, kwenye ova 50 ni mkimbio mmoja kuelekea nyuma ya mraba au mpira unaopita pale ambapo slipu angesimama. Mrushaji naye hawezi kutua palepale mara 40, maana mpigaji ataanza kutoka mbele kumsogelea. Kohli ni bingwa wa kukusanya mkimbio mmoja mmoja na miwili, na mapafu yake bado yanamruhusu. Kwa hiyo ndiyo, bado anapiga vilevile, na hilo halipingi kushuka kwake kwenye Testi. Linaonyesha kwamba tatizo lilikuwa kwenye eneo dogo sana la mchezo wake, eneo ambalo Testi pekee ndiyo inalitoza.

Je, aliondoka amechelewa? Mwisho wa 2022 ushahidi wa namba ulikuwa tayari mzito: miaka 3, mechi 20, mikimbio 917, wastani wa 26.20. Wangemwacha wakati huo wangeikosa 2023. Ni kweli pia kwamba Pujara hakuvumiliwa kiasi hicho. Aliachwa baada ya fainali ya ubingwa wa Testi ya Juni 2023, naye Kohli akabaki kwa jina na kwa kile alichokifanya zamani. Kwa kanuni ya milango miwili, alama ya wazi ilitokea Novemba 2024. Alitangaza kustaafu tarehe 12 Mei 2025. Kuchelewa kwake, kama kulikuwapo, ni kwa miezi sita. Cha kusikitisha ni kwamba mwezi uliofuata India ilikwenda Uingereza ikakuta pichi za kupigia, Shubman Gill akapiga mikimbio 754 kwenye mfululizo ule.

Kuhusu ukubwa wake, mpe rafiki yako hesabu hii. Ili Kohli amalize na wastani wa 50 alihitaji mikimbio 9,850. Alipungukiwa na 620. Tangu 2020 alikuwa na zamu 69. Kwa hiyo tofauti kati ya "mkubwa" na "asiye mkubwa", kwa kipimo chake, ni mikimbio 9 kwa kila zamu ya miaka ile. Na hata angepiga wastani wa 40 kipindi chote hicho, kiwango cha heshima kwa mtu anayezeeka, angemaliza na 49.96 na mikimbio 9,842. Angekosa 50 na angekosa 10,000 vilevile. Mstari wa 50 ni wa kubishania kijiweni.

Tendulkar alicheza mechi 200 na kumaliza na 53.78, na kwa urefu wa kazi ya Testi Kohli hamfikii, hapo rafiki yako ana haki. Ila kuna mambo wastani hauyabebi. Kati ya Julai 2016 na Februari 2017 Kohli alipiga alama za 200 au zaidi katika mifululizo 4 iliyofuatana. Ana mara 7 za namna hiyo, nyingi kuliko Mhindi yeyote, na zote akiwa nahodha. Aliongoza mechi 68 za Testi, akashinda 40. Timu yake ilikuwa ya kwanza ya India kushinda mfululizo Australia, 2018/19, na alifika huko kwa kuwaamini warushaji wa kasi pale ambapo manahodha waliotangulia wangeongeza mpigaji na kuomba sare. Hilo lilibadilisha namna India inavyosafiri, na hakuna zamu ya 2024 inayoweza kulifuta.

Kombe la Dunia la ova 50 la 2027 litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, kwenye pichi zenye mdundo. Akiwa bado yupo, hesabu vitu viwili kabla ya kuangalia wastani: ni mara ngapi anatolewa ndani ya mipira 10 ya kwanza kwa mguu au vigingi, na ni mara ngapi mikimbio miwili aliyokuwa akiikimbia inageuka kuwa mmoja.